Nguvu za Nchi Kavu na Nguvu za Majini



Kabla ya jua kuchomoza, njia zitokazo Kibera kwenda Eneo la Viwanda hujaa watu waendao kazini kwa miguu, na wenzao wa Kawangware hushika njia zao kuelekea mjini. Wengi wao hawakufundishwa mazoezi ya viungo na mwalimu yeyote. Mioyo na mapafu yao yamefunzwa na njia yenyewe. Tena Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, kama sehemu 4 katika 5 za ile ya Mombasa. Mtu atembeaye hivyo kila siku ana haki ya kujiona ana nguvu.

Walakini mtu huyo huyo, akianguka katika maji yapitayo kimo chake, huenda akaishiwa na nguvu kabla ya dakika moja kutimia. Na yule ajionaye hodari ndiye hujitosa upesi kumwokoa mtoto, wakaangamia wote wawili. Wako wasemao kwamba mifupa ya Mwafrika ni mizito na maji hayamtaki. Maneno hayo hayana msingi. Wavuvi wa Lamu na Unguja ni Waafrika, na bahari ndiyo shamba lao. Na mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Simone Manuel, Mmarekani Mweusi, alipata nishani ya dhahabu katika kuogelea mita 100.

Sababu ya kweli imo katika maji yenyewe. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na mwogeleaji akizidisha mwendo mara 2, maji humzuia mara 4. Kwa hiyo hata aliye stadi hutumia nguvu karibu mara 4 za mkimbiaji ili kwenda masafa yale yale. Huko Beijing mwaka 2008, Jason Dunford, Mkenya aliyezaliwa Nairobi, aliogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo katika sekunde 51.14. Muda huo ulikuwa rekodi ya Olimpiki, ingawa ilivunjwa siku ile ile. Basi mwendo huo ni kama kilomita 7 kwa saa. Mfanyakazi wa Kibera aliyechelewa kazini huupita bila kuvua koti! Ikiwa bingwa huenda hivyo, asiyejua ataweza nini? Nguvu zake karibu zote huishia katika kuyapiga maji.

Jambo la pili ni pumzi. Mkimbiaji huvuta hewa apendapo, bali mwogeleaji hungoja mpaka kinywa kitoke majini. Mgeni wa maji huizuia pumzi kifuani kwa hofu. Hewa chafu hujaa katika damu yake, nayo ndiyo imfanyayo ahangaike na kutweta. Tena huinua mikono juu kuomba msaada, na hapo hujidhuru, kwa kuwa kila kiungo kitokacho majini hugeuka mzigo unaokididimiza kichwa. Alazaye mgongo juu ya maji, mapafu yakiwa na hewa na mikono imenyooka majini, huelea kwa nguvu kidogo sana.

Haya si mambo ya watu wa pwani peke yao. Mto Motoine hutoka upande wa Dagoretti, ukapita kando ya Kibera mpaka Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Zamani watu walitweka matanga ya mashua huko. Baadaye bwawa lilijaa tope, taka na magugu, wala si mahali pa kumfundishia mtoto kuogelea. Katika mafuriko ya mwaka 2024 watu zaidi ya 200 walikufa nchini Kenya, na mitaa iliyo kando ya mito ya Nairobi ilipata msiba mkubwa.

Mabwawa safi ya kuogelea yako mjini, lakini kiingilio chake ni kizito kwa mzazi mwenye watoto wanne. Hata hivyo, mtungi wa plastiki wa lita 20 uko karibu katika kila nyumba. Ukiwa mtupu na kifuniko kimefungwa barabara, huweza kubeba majini uzito wa karibu kilo 20, na kichwa cha mtu mzima hakizidi sana kilo 5. Aliye ukingoni na aufunge kamba, amtupie anayezama, asijitose. Na mtoto aweza kuanza na beseni nyumbani, mzazi akiwa kando yake: avute hewa kwa kinywa, atie uso majini, aitoe polepole kwa pua mpaka mapovu yaishe, kisha ainue uso na kuvuta tena. Akiweza kufanya hivyo mara 20 bila kutweta, amekwisha kupata sehemu iliyo ngumu kuliko zote.