Mgeni Asiyekula Pweza

(Hotuba iliyosomwa kwenye karamu ya wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha baada ya shule. Kwa ruhusa yenu nitasema jambo moja tu, nalo linanitia haya kidogo.

Mimi ni mtoto wa Mlingotini. Wakati ule karibu kila mtu kijijini alikuwa Mwislamu. Alikuwako mtoto mmoja Mkristo, ambaye baba yake alifanya kazi katika chuo cha uvuvi cha Mbegani. Tulicheza naye mpira ufukweni, lakini mama yake alipotuita kunywa uji tulikimbia. Tulimwita mla nguruwe, ingawa sikumbuki kuona nguruwe kwao hata siku moja. Hakuna aliyetutuma, tulisikia kwa wakubwa, tukaongeza yetu.

Nilipokuja hapa, zamu ikanigeukia mimi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, watu 11 wakafa. Nairobi siku hiyo hiyo walikufa zaidi ya 200. Kabla ya mwaka kwisha, mimi na kofia yangu tulikwisha kupewa jina: Osama. Mliokuwako mnakumbuka. Baadhi yenu mliniita hivyo, na leo asubuhi mmenikumbatia. Mlikuwa mnatania, nami nilicheka. Ile kofia niliiweka sandukuni mpaka likizo.

Mtu angedhani nilikwisha kujifunza. Mwaka 2002, Chuo Kikuu, nilipangiwa chumba kimoja na kijana kutoka Mbale, Uganda. Siku ya kwanza akaniambia kuwa yeye ni Myahudi. Mtu mweusi kama mimi! Nilicheka, kisha nikamwuliza kwa ukali kwa nini anawaonea Wapalestina. Maskini, alikuwa hata bahari hajaiona.

Alinijibu polepole, kwa majuma mengi. Watu wake huitwa Abayudaya. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki, aliisoma Biblia kwa namna yake, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akafuata sheria za Musa. Shuleni rafiki yangu aliitwa mwuaji wa Yesu. Wazee wake waliona makubwa zaidi. Idi Amin alipotawala alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, wengi wakasilimu au wakabatizwa, na wachache waliobaki wakasali kwa siri. Kisha tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu yakaingia Kampala. Jioni ile, alisema, ndipo ilipoanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutolewa utumwani Misri.

Likizo nikamchukua nyumbani. Mama akapika pweza wa nazi, na mgeni akasema hali. Watu wakanyamaza. Kimya kile nilikijua. Ndicho cha uji wa yule mama wa Mbegani. Akaeleza kwamba dini yake inamkataza kila cha baharini kisicho na mapezi na magamba, yaani pweza, ngisi, kamba, kaa. Hebu fikirini, pwani!

Mjomba wangu, aliyepigana vita vya Kagera na hakupenda kuvizungumza, akamwuliza, "Na nguruwe?"

"Hatuli, mjomba."

"Basi mkaangieni changu."

Usiku nikamweleza mjomba habari ya Pasaka ile ya 1979. Alikuwako Kampala siku ile, na kwa miaka yote hiyo hakujua kwamba kulikuwa na watu wa namna hiyo. Alikaa kimya sana, kisha akauliza kama sasa wana mahali pa kusali. Nikamwambia wanapo, kilimani Nabugoye.

Asubuhi nilipoamka walikwisha kuondoka. Mjomba alimpeleka Kaole kuona magofu ya misikiti, wawili peke yao, wakarudi jua limekwisha kuwa kali. Walizungumza nini, mpaka leo hakuna aliyeniambia.