Mawe ya Rubaya yako ndani ya rezo. Sisi je?



Huku kwetu Masisi tukisema "rezo hakuna", tunaongelea simu. Leo tuongelee rezo ya watu.

Fikra hii haikuzaliwa mbali. Miaka ya 1950 na 1960 watafiti walikuwa katika miji ya migodi ya Zambia ya leo, jirani ya Katanga. Walizoea kueleza mtu kwa kabila lake. Mjini hiyo haikutosha, wakaanza kufuata nani anajuana na nani. Kule Kabwe, Bruce Kapferer alichunguza ugomvi wa wafanyakazi wawili wa mgodi: mmoja alimlaumu mwenzake kwamba anafanya kazi mbio sana. Wengi wakamuunga mkono yule mlaumu. Sababu haikuwa haki. Alikuwa amefungamana zaidi na wenzake.

Mwaka 1973 Mmarekani Mark Granovetter akaonyesha kwamba habari za kazi zinapitiaka sana kwa watu unaowaona mara moja moja, kuliko kwa rafiki wa kila siku. Sisi wenye diploma bila kazi tunaelewa: kati yetu tunapashana habari zile zile.

Mwaka 1996 Mhispania Manuel Castells akasema dunia nzima imekuwa mtandao: chenye faida kinaunganishwa, kingine kinaachwa nje.

Kamarade, hiyo njo Rubaya! Koltani yetu inatoa tantali inayoingia katika simu duniani kote. M23 ilikamata Rubaya Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema kodi ya koltani inaipatia kama dola 800,000 kwa mwezi. Jiwe liko ndani ya mtandao. Mchimbaji aliyelitoa yuko nje.

Basi, grupu ya WhatsApp ya watu wanaofikiri kama sisi haitoshi. Mbele ya mkutano ujao, kila mmoja atafute mtu mmoja asiye wa kabila lake wala wa grupu yetu: mchimbaji, mama wa soko, mtu wa moto. Amusikilize. Jina lake asiliandike popote.

Siku mgodi utaporomoka, ao mmoja wetu atakamatwa, njo tutajua kama rezo iko.