Saini ya Mchoraji

Wiki hii nilizungumza na mchoraji mmoja wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, anayechora picha za hadithi za majarida. Alinionyesha mchoro wake uliochapwa mara ya pili, katika hadithi nyingine kabisa. Pembe ya chini, alipotia saini, imekatwa. Malipo alipata ya mara ya kwanza tu, tena baada ya kumfuata mhariri wiki tatu kwa nauli yake mwenyewe.

Wengi wetu tulicheka na Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Ni wangapi tunaomkumbuka Christian Gregory aliyemchora? Philip Ndunguru wa jarida la Sani alifariki mwaka 1986. Wahusika wake wakaendelea kuchorwa na wengine, nasi tukaendelea kununua.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa jina katika kazi yake. Sisi wa vyumba vya habari tunaijua. Ndisi pia tunaoagiza mchoro jioni na kuutaka asubuhi.

Nikamwuliza kwa nini hashtaki. "Kaka, nikishtaki, mwezi ujao nani ataniagiza?"

Kisha akapanda daladala na bahasha yake, anampelekea mhariri yule yule mchoro mpya. Ni mwanamke aliyejifunga kanga. Safari hii saini ameitia juu kidogo ya pindo la chini, pale panapoandikwa maneno ya kanga.