Fleshi inaungua, kosa liko ndani ya kompyuta: maneno kwa vijana wa Kibabi

Miye ni kijana kama ninyi: diploma ya chuo kikuu ninayo, kazi sina. Leo nitasema juu ya fleshi, kitu kidogo chenye kinabeba maisha yetu.

Mwaka jana nilienda kwenye nyumba moja ya fotokopi kuchapisha barua ya kuomba kazi. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Nikachomeka fleshi kwenye tundu la mbele la kompyuta. Taa haikuwaka. Nikaigusa: moto kabisa. Rafiki yangu akatoa yake tujaribu. Nayo ikakufa palepale.

Ndani ya yangu mulikuwa kazi yangu ya mwisho wa masomo, pamoja na orodha ya familia zenye zilikimbia vita, yenye tuliandika nyumba kwa nyumba. Barua sikupeleka. Na kwa ile orodha, tulirudi kuuliza upya, lakini wengine walikuwa wameshahama.

Mwenye mashine akasema fleshi zetu ni mbovu. Tukamuomba tufungue kompyuta. Kosa lilikuwa humo.

Tundu la USB liko na waya nne. Nyekundu inaleta volti 5, nyeusi inarudisha kuran, nyeupe na ya kijani zinapitisha habari. Kwa kompyuta ya mezani, matundu ya nyuma yamechomelewa kwenye kadi kubwa yenyewe. Ya mbele yanaungwa kwa waya yenye fundi anachomeka kwa mkono. Akigeuza, nyekundu inakaa pa nyeusi, na kuran inaingia kinyumenyume. Fleshi haina nguvu ya kuvumilia hiyo. Tena, mashine zingine za zamani ziko na pini za FireWire zenye umbo sawa na za USB, lakini zinatoa volti 12. Ukikosea hapo, kila kitu utakachochomeka kinaungua.

Sasa mufanye hivi.

Kwanza, fleshi ikikufa, musijaribu ya pili kwenye tundu lile. Njo kosa letu lilikuwa hapo.

Pili, mupime. Multimeta muiweke kwenye volti 20 za kuran ya moja kwa moja. Mutie waya nyekundu kwenye pini ya kuran, nyeusi kwenye pini ya ngambo nyingine, polepole, zisigusane. Inapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25. Ikionyesha alama ya kutoa, waya zimegeuzwa. Ikipita 5.25 sana, muzime mashine.

Tatu, kama hakuna multimeta, mutumie tundu la nyuma. Halina waya ya kugeuzwa.

Ine, fleshi yenye imeungua muijaribu mara moja tu, kwenye tundu zuri. Ikipata moto, mutoe mbio. Mara nyingi chenye kinaungua ni chipu ya kuongoza, na chipu ya kumbukumbu inabaki nzima. Fundi mwenye vifaa anaweza kusoma habari zenu. Kwa hiyo musitupe. Na ikifunguka lakini mashine inaomba kuiformati, mukatae, munakili kwanza.

Tano, musiweke kitu cha lazima pahali pamoja tu. Nakala mbili, kwa watu wawili. Hiyo haiombi pesa nyingi.

Na ninyi wenye muko na mashine za kuchapa: kurekebisha waya hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kama bado hamujarekebisha, muzibe matundu ya mbele kwa karatasi na muandike "haitumike". Kumuacha mteja aunguze, halafu kumulaumu, ni kumunyanganya.

Wandugu, mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulisema eneo la Rubaya, hapa kwetu Masisi, linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalum ya dunia. Tantalum inatoka kwa koltani, na inaingia ndani ya simu na kompyuta. Wenzetu wanachimba kwa mikono. Haifai mashine irudi kwetu, halafu siye tubaki watu wa kuogopa kuifungua. Tukamate bisibisi, tujifunze, tufundishane.

Nikimaliza hapa, mwenye fleshi yenye imekufa aniletee. Multimeta iko kwenye mfuko.