Wachezaji Huondoka, Timu Hubaki

Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka



Katibu aliniomba nieleze niliyoyaona Marekani nilipokuwa masomoni. Majengo marefu mmekwisha kuyaona kwenye picha. Mimi nitawaeleza habari za timu isiyo ya ligi kuu, inayocheza mchezo usiochezeka hapa kwetu, maana barafu yetu huishia kwenye glasi. Naomba mnivumilie, kwani habari hizi zitatufikisha kwenye suala la bweni tutakalolipigia kura alasiri.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo, ila huchezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, huenda kwa kuteleza, na badala ya mpira hupiga kisahani kigumu cheusi. Kila upande huwa na watu sita, kipa akiwamo.

Timu ninayoisema ni Hershey Bears, yaani Dubu wa Hershey. Hershey ni mji mdogo wa watu wapatao 14,000 katika jimbo la Pennsylvania, uliokua kandokando ya kiwanda cha chokoleti cha Milton Hershey. Timu ilianza mwaka 1932 ikiwa ya ridhaa. Iliitwa B'ars, jina lililochanganya dubu na vipande vya chokoleti. Waandishi wa michezo walinung'unika kwamba hilo ni tangazo la biashara, na mwaka 1936 likawa Bears. Mwaka huohuo, Marekani ikiwa bado imebanwa na dhiki ya uchumi, Bwana Hershey alifungua ukumbi mkubwa wa michezo, mojawapo ya majengo aliyoyajenga ili watu wapate kazi. Paa lake la zege halina nguzo hata moja ndani. Ni katika ukumbi huo Wilt Chamberlain alipofunga pointi 100 katika mechi moja ya mpira wa kikapu, tarehe 2 Machi 1962.

Mwaka 1938 Bears waliingia katika American Hockey League, ligi iliyo ngazi moja chini ya ligi kuu. Hawajatoka humo tangu hapo. Timu nyingine zimehama miji, zimebadili majina, zimekufa. Bears wamebaki katika mji wao mdogo, na kufikia mwaka 2024 walikuwa wametwaa Kombe la Calder mara 13.

Vijana, sikilizeni hapa. Wachezaji wengi wa timu kama hii wameajiriwa na timu ya ligi kuu, ambayo kwa Bears, tangu 2005, ni Washington Capitals. Simu ikilia, hata katikati ya msimu, mfungaji bora hufunga mkoba akaenda zake, na kocha hupanga kikosi bila yeye. John Carlson alikuwa beki wa Bears walipochukua kombe mwaka 2010. Mwaka 2018 alikuwa na Washington ilipotwaa Kombe la Stanley. Watu wa Hershey hawakulalamika kwamba wameibiwa. Walisema, "Yule ni wetu."

Lakini lazima pawe na wanaobaki. Frank Mathers alifika mwaka 1956 akiwa mchezaji na kocha pamoja, kisha akawa kiongozi wa timu. Alistaafu mwaka 1991, baada ya miaka 35.

Na timu hiyo ni ya nani? Hili ndilo lililonigusa. Bwana Hershey na mkewe Catherine hawakujaliwa watoto. Mwaka 1909 walianzisha shule ya wavulana yatima, na mwaka 1918 mzee akaukabidhi mfuko wa shule sehemu kubwa ya utajiri wake. Shule ilikuwa na kasoro: masharti ya kwanza yalitaka wavulana weupe tu. Baadaye yalibadilishwa, na leo husoma humo wavulana na wasichana wa rangi zote wanaotoka katika familia maskini. Kampuni inayomiliki Bears ni mali ya mfuko huo. Kwa hiyo nilipokata tiketi yangu, bila kujua, nilikuwa nikichangia shule.

Wala si matajiri peke yao wanaotoa. Kila mwaka kuna mechi ambayo watazamaji hurusha midoli uwanjani ili wapewe watoto. Januari 2025 ilihesabiwa midoli 102,343. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa nirudi nyumbani. Nimewasikia wenzangu wakisema, "Tujenge bweni la nini, na vijana wakimaliza wanakimbilia mjini?" Ndugu zangu, nami nilisema hivyohivyo, na kwa miaka mingi sikutoa hata senti. Lakini nilipokuwa kidato cha pili baba yangu alifariki, na karo yangu ikalipwa na mtu aliyesoma hapa kabla yangu. Mwalimu hakunitajia jina lake, na sijamjua mpaka leo. Nami nikamaliza, nikakimbilia mjini.

Shule hulea watu ili waondoke. Hiyo ndiyo kazi yake. Sisi tulioondoka ndio wa kuhakikisha kwamba inabaki.

Alasiri nitaunyosha mkono wangu kuunga mkono bweni, na nimekwisha kumpa mweka hazina mchango wangu, pamoja na deni la miaka iliyopita.