Mkate wa Matunda Usiotaka Tanuri



Katika milima ya Kericho na Bomet, majani ya chai ndiyo yaletayo fedha nyumbani. Lakini wenye chai wengi wana pia mapera kando ya ua, na huko Bureti wako waliopanda mananasi. Mananasi yakiiva huiva pamoja, na mvua ikiharibu njia lori la mnunuzi halifiki. Nanasi halingoji lori. Baada ya siku chache huoza, na jasho la mkulima huliwa na nzi, huku watoto wake wakinywa chai bila kitafunio.

Basi yafaa watu wakijue chakula kiitwacho kobla, yaani matunda yaliyofunikwa kwa donge la unga na kuokwa pamoja. Kilianzwa na wahamiaji Waingereza waliokwenda Amerika. Wengi wao hawakuwa na tanuri, wakatia matunda katika chungu cha chuma, wakayafunika kwa donge, wakapalia makaa chini na juu ya kifuniko. Wapishi wa pwani nao huoka mkate wa kumimina kwa kupalia makaa vivyo hivyo. Kwa hiyo asiye na tanuri asidhani kwamba chakula hiki si chake.

Vitu vitakiwavyo ni hivi: nanasi moja kubwa lililoiva, au mapera yaliyotolewa mbegu, vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, vijiko vitatu vikubwa vya siagi, robo tatu ya kikombe cha maziwa ya mgando, chumvi kidogo, na magadi ya kuokea, nusu ya kijiko kidogo, wala isizidi. Maziwa yasiwe mursik iliyotiwa mkaa wa senetwet, maana ladha ya moshi itashinda ile ya tunda.

Kwanza mpishi alimenye nanasi, alikatekate, alichemshe pamoja na nusu ya sukari mpaka lilainike. Asiharakishe. Mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama Mombasa. Kwa hiyo matunda hukawia kuiva jikoni.

Pili achanganye unga, chumvi, magadi na sukari iliyobaki. Aisugue siagi ndani yake kwa vidole mpaka unga uwe kama chenga, kisha atie maziwa na kukoroga kidogo tu. Ukali wa maziwa ukikutana na magadi hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iumuayo mkate. Milimani donge huumuka upesi kuliko pwani, na magadi yakizidi huanguka katikati. Ndiyo sababu kijiko hupimwa kwa uangalifu.

Tatu, matunda yakiwa bado moto, ayatie katika sufuria iliyopakwa siagi, ayafunike kwa madonge madogo ya unga, na kuweka kifuniko cha bati. Makaa machache yawe chini na mengi juu. Baada ya dakika 40 hivi achome kijiti katika donge. Kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Jambo moja lisisahauliwe. Jioni za milimani zina baridi, na watu hupenda kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu usingizini. Basi mkate na uokwe nje, barazani, au katika jiko lenye mlango na dirisha wazi, na makaa yasilale chumbani pamoja na watoto.

Lori likifika, mananasi na yauzwe. Lisipofika, na yapikwe. Lakini yasiachwe kuoza.