Mashine gani itabeba daftari yetu?

Maneno ya komite kwenye mukutano mukubwa wa wanachama, Lac Vert. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale wa Sake, Kirotshe na Rutshuru ambao hawakuweza kufika, na kwa marafiki wa inje wanaotuunga mukono.



Kama munavyojua, MUSO yetu iko na sanduku tatu, sawa MUSO zingine za Kivu. Ya kijani ni akiba na mikopo. Nyekundu ni ya musaada: ugonjwa, kilio, kuzaa. Ya bluu njo ile inapokea feza ya kutoka inje. Leo komite inaomba ruhusa ya kutoa sehemu ya sanduku ya bluu ili tununue mashine za kushika mukononi, zile wanaita tableti, za kuweka orodha ya wanachama na michango yao. Wengine wameanza kunungunika: feza ya musaada inununue vioo vya kuchezea? Tunaelewa. Mutusikilize kwanza.

Mwezi wa pili wa 2025, makambi ya hapa Lac Vert, Bulengo, Lushagala na Mugunga yalipovunjwa, watu walibeba masufuria, shitingi na watoto. Madaftari ya vikundi yalipita njia ile ile. Mengine yalinyeshewa, mengine hatujayaona tena. Mama mumoja wa kikundi cha upande wa Lushagala alikuwa amelipa muchango wake kila juma kwa miezi 14. Alifika Sake na mutoto mugonjwa, akaomba sanduku nyekundu, na hakukuwa na mutu wa kuonyesha ukurasa wake. Alisaidiwa juu ya picha moja tu: jirani yake alikuwa ameupiga ukurasa ule picha kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Wenzake wa kikundi kile hawakuwa na picha. Mpaka leo wanangoja tuhakikishe hesabu yao kwa mashahidi, mutu kwa mutu, na kila mara kuna anayesema "mimi nililipa" na mwingine anayesema "sikukuona".

Basi njo kwa sababu ile tunataka mashine. Daftari ya karatasi itabaki, hakuna anayeitupa. Lakini tunataka kopi yake iwe mahali pengine kabla watu hawajakimbia tena. Wazee wanakumbuka tarehe 27 Mei 2021, siku tano kisha Nyiragongo kulipuka, wakati serikali ilisema kartiye kumi za Goma zihame. Njia hii ya Sake ilijaa watu mpaka hapa kwetu. Mutu hapati saa ya kutafuta daftari.

Sasa, mashine gani?

Tuanze na barua. Mufadhili mumoja, rafiki wa siku nyingi, ametuandikia kutoka Ulaya kwamba anaweza kukusanya tableti 12 ambazo watu hawatumii tena. Tunamushukuru kutoka moyoni, na tunamuomba asizitume. Mutu akikataa zawadi bila maelezo anaonekana mwenye kiburi, kwa hiyo tunaeleza.

Tableti nyingi za nyumbani kule hazina nafasi ya karte SIM. Zinajua wifi tu. Kule wifi iko ndani ya nyumba, shuleni, hata ndani ya treni. Hapa Lac Vert mutu akifungua wifi anaona nini? Labda jina la biro moja iliyofungwa kwa neno la siri. Kweli, unaweza kuomba simu ya mwenzako igawe mega zake kwa tableti, lakini hapo unakula batri mbili pamoja, na simu njo inakufa ya kwanza. Mashine yetu lazima ipokee karte SIM, na vizuri zaidi karte mbili, kwani kila mutu wa hapa anajua: kuna kilima ambapo Airtel inashika na Vodacom haishiki, unavuka mutelemuko inageuka.

Hatusemi wifi haina kazi. Iko na kazi nzuri: mashine ya Kirotshe ikifika hapa biro, inaweza kupeana fomu zake na kompyuta kwa wifi ndogo ya simu, bila kutumia hata mega moja ya intaneti. Kwa hiyo tunataka vyote viwili.

Sababu ya pili ni umri. Batri ya litiamu inazeeka. Kisha kuishariji kabisa mara mia tatu mpaka mia tano, inakuwa imepoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu yake, na joto linaiharakisha. Tableti iliyokaa miaka sita ndani ya droo inaweza kuwaka vizuri mezani halafu ikazima saa mbili kisha kutoka Sake. Na njia ya kuifikisha hapa? Uwanja wa ndege ulifungwa mwezi wa kwanza 2025. Muzigo utapita Rwanda ao Uganda, utalipiwa usafiri na ushuru, na mwishoni kila mashine ni ya aina yake, na chaja yake, na kioo chake ambacho fundi wa Birere hana. Rafiki, bei ya ile posta inanunua mashine mupya hapa hapa.

Sasa tufike kwa batri yenyewe, maana hapa njo watu wanadanganywa sana.

Muuzaji atakuambia namba: elfu tano, elfu saba, elfu kumi. Ile namba ni ya miliampea kwa saa. Ni kweli kwamba kubwa ni zaidi, lakini haisemi yote. Batri ya 7,000 ya tableti inabeba karibu wati 27 kwa saa. Tableti ya inchi nane, kioo kikiwa cha mwanga wa katikati, inakula karibu wati tatu. Gawa: ni saa tisa za kazi. Simu kubwa ya 5,000 inabeba karibu wati 19 kwa saa, lakini kioo chake ni kidogo, kwa hiyo inaweza kufika saa zile zile ao kupita. Mukumbuke jambo hili, tutalirudilia.

Powerbanki je? Ile iliyoandikwa 10,000 watu wanafikiri itajaza tableti ya 7,000 na kubakisha. Hapana. Umeme unapandishwa volti ukitoka, unashushwa tena ukiingia, na kila mara sehemu inapotea kama joto. Hesabia kwamba karibu theluthi moja inapotea. Powerbanki ile inaweza ishindwe kuijaza tableti moja mpaka juu. Na hapo tunasema juu ya powerbanki ya kweli. Kuna zingine ambazo namba imeandikwa kwa wino tu, ukiibeba unasikia ni nyepesi sawa sabuni iliyoisha.

Panoo ya jua iliyoandikwa wati 10 haitoi 10. Jua likiwa zuri, na panoo ikielekezwa vizuri, mupate wati sita. Mawingu ya Masisi munayajua wenyewe. Kwa hiyo kujaza tableti moja ni saa tano za jua safi, kumaanisha siku nzima ya kweli. Wale walio na umeme hapa mujini wasicheke: mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 muji wote ulikaa bila umeme na bila maji, na intaneti nayo ikakatika.

Kinachokula batri zaidi ni kioo. Cha pili, wengi hawakijui: ni kutafuta rezo. Mashine ikiwa mahali ambapo antena iko mbali, inapaza sauti. Inaita, haijibiwi, inaita tena kwa nguvu zaidi, mchana kutwa, hata ikiwa mufukoni. Mutu anasema "sikuitumia na imeisha". Imejitumia yenyewe. Ukipanda kule juu ambapo hakuna rezo, weka alama ya ndege, ile inayofunga antena zote. Utaandika wanachama bila shida na jioni batri bado iko.

Inawezekanaje kuandika bila rezo? Kuna programu inaitwa KoboCollect. Wengi wenu mumeiona mukononi mwa watu wa mashirika waliokuja kuwauliza maswali makambini. Ilianzishwa na watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham, ambao walifanya uchunguzi Uganda ya kaskazini na hapa Kongo ya mashariki, kwa hiyo wanajua mambo ya kukosa rezo. Unajaza fomu bila intaneti, inakaa ndani ya mashine, siku ukifika penye rezo unaituma. Inafanya kazi kwenye Android ya kawaida, na haiombi mashine ya bei kubwa.

Kuna mashine ngumu zilizotengenezwa kwa kazi ya inje, sawa Samsung ya aina ya Tab Active: haziogopi vumbi wala maji, na batri yake unaweza kuitoa kwa mukono na kuweka ingine. Kwa vumbi letu jeusi la volkano, ni kitu kizuri sana. Tumezitamani. Lakini bei ya moja inaweza kununua mbili ao tatu za kawaida, na kioo chake kikivunjika tutangoja Kampala. Komite imechagua za kawaida, zilizovikwa mupira munene na kuwekwa ndani ya mufuko wa plastiki mvua ikinyesha. Mwenye motari asiiweke juu ya tanki penye jua, tafazali. Joto lile linaua batri mbele ya mawe.

Na hapa turudilie ile simu kubwa. Vijana wetu walisema: kwa nini tableti, simu haitoshi? Kusema kweli, wako na haki kwa sehemu kubwa. Simu ya 5,000 yenye karte mbili inatosha kiongozi wa kikundi. Inaingia mufukoni, haivuti macho ya watu njiani, na fundi wake yuko kila kona. Tableti inafaa tu pale ambapo mwanachama anapaswa kusoma mwenyewe jina lake na hesabu yake kabla ya kutia kidole. Wamama wazee hawaoni herufi ndogo, na mutu asiyeona alichoandikiwa hawezi kukikubali. Kwa hiyo tunapendekeza tableti mbili, moja hapa Lac Vert na moja Kirotshe, na simu tano. Hatupendekezi tableti saba.

Imebaki jambo ambalo tulibishana usiku kucha, na hatukukubaliana wote. Orodha ya majina, na kijiji cha kila mutu, na feza aliyo nayo: karatasi moja ikipotea inaonyesha kikundi kimoja, lakini mashine ikikamatwa inaweza kuonyesha watu wote. Siku hizi nani hajui jina linaweza kumufanyia nini mutu? Kwa hiyo tumeweka masharti. Fomu haitauliza kabila. Haitakuwa na picha ya uso. Kijiji kitaandikwa kwa namba, na maana ya namba ile iko ndani ya daftari ya karatasi kwa mwekaji hazina tu. Fomu ikishatumwa inafutwa ndani ya mashine. Programu inaruhusu vile. Kila mashine itafungwa kwa namba ya siri, na isiyo 1234. Mwenzetu mumoja wa komite anasema hata hivyo ni hatari, na kwamba heri kupoteza hesabu kuliko kupoteza mutu. Hatukumushinda kwa maneno. Tumemuomba awaambie hapa mwenyewe, kisha hotuba hii, na mumusikilize vizuri.

Kwa marafiki wa inje: kama munataka kusaidia, mutume feza kwa sanduku ya bluu. Mabenki ya Goma yalifungwa mwezi wa kwanza 2025, kwa hiyo muandikieni mwekaji hazina kwanza, atawaeleza njia inayofanya kazi juma lile. Tutawatumia fakture ya kila mashine na namba yake.

Hapa mezani kuna tableti moja na simu moja tulizoazima kwa muuzaji mpaka jioni. Zipite mukono kwa mukono. Wamama wa mustari wa mbele waanze, wasome jina lililoandikwa pale bila miwani, watuambie kama linaonekana. Kisha mwenzetu atasema neno lake, halafu tutapiga kura kwa kunyanyua mukono: kwanza kama tununue, pili kama tununue ngapi.